Ubongo wa Mikeke Wawili

Baraka, 29 Agosti 2023

Mdogo wangu Juma,

Asalaam aleikum. Hapa tunapumua, hatuna zaidi. Mama anakusalimu. Mguu wake wa kushoto umevimba tena na hataki mtu aukande. Amehamia chumba cha Nadia, analala na kanga ya Nadia chini ya kichwa. Watu wa matanga wamekwenda zao, wameniachia sufuria mbili ambazo sijui ni za nani.

Hukuja kumzika dada yako Nadia. Ziwa lilichafuka siku zile tatu, Eddy wa boti amenieleza, kwa hiyo silaumu. Lakini simu yangu hupokei. Basi nimekaa kuandika, na ni afadhali, maana ninachokitaka kwako kinahitaji karatasi.

Alhamisi ya tarehe kumi Bertin alituletea kikapu cha samaki, mikeke watupu. Unamjua, yule mrefu mwenye mtumbwi wa kijani, mwaka wa pili sasa ndiye anayeleta samaki kwenye kibanda changu cha kukausha. Nadia alishinda pale akigeuza samaki kwenye vichanja. Jioni njaa ikamshika, akachukua mmoja kichanjani, akamchoma juu ya makaa vivyo hivyo, akala hadi mifupa. Mimi nilikuwa naumwa jino, nikanywa uji. Mama alikula sombe yake, majani ya mihogo kama kawaida. Haukupita muda Nadia akaanza kutokwa mate, jasho likamlowesha kama ametoka kuoga, nyama za mikono zikawa zinarukaruka zenyewe. Muuguzi tuliyemwita alimfunua macho, akaniambia mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, na kwamba hiyo ni sumu ya shambani. Alfajiri hatukuwa naye tena. Alikuwa na miaka ishirini na sita, Juma.

Sasa sikiliza. Kiangazi cha mwaka jana samaki walielea wamekufa pale mto Mutambala unapoingia ziwani. Watu walisema kuna mvuvi anayemwaga sumu mtoni ili aokote bila jasho. Walitaja majina mengi. Mimi nataja moja. Huyo Bertin alikuja kutoa pole na sukari mkononi, shati limepigwa pasi. Niliimwaga ile sukari mlangoni mbele ya watu, kuku wakaidonoa.

Wewe kazi yako ni kupima samaki. Kesho yake niliweka mikeke wanne wa kikapu kilekile kwenye friji ya kugandisha ya mama Dorothée, anayeuza juisi sokoni. Nampa Eddy wawili. Nimewakausha kwa moshi siku mbili nzima, kwa kuni nzuri, maana siwezi kumtumia ndugu yangu samaki wa kunuka. Usiwale! Wapime. Kisha unipe karatasi yenye muhuri inayosema: sumu, na ilitoka mtoni. Nitaisoma ufukweni wavuvi wote wakisikia. Sitaki hakimu. Nataka nimwone Bertin akitafuta pa kuficha uso, na asipaone.

Dada yako,
Waridi

*

Uvira, 17 Septemba 2023

Yaya Waridi,

Waaleikum salaam. Nimepokea barua na mzigo. Sisi tuko wazima, Sumaya mke wangu anakupa pole na anasema Mama akandwe mguu kwa maji ya uvuguvugu hata akigomba. Mimi usingizi umenikimbia tangu ile habari. Simu, yaya, dada yangu mkubwa, nisamehe. Nikisikia sauti yako nitalia, na hapa kazini watu ni wengi.

Kuhusu samaki. Najua umewakausha kwa upendo, lakini kwa moshi umewanyamazisha. Nikueleze tunachokipima. Mshipa wa fahamu unapoiambia nyama ya mwili ikaze, nyama hukaza. Kisha kuna kitu kidogo mwilini kinachoifagia ile amri ili nyama ilegee. Vitabuni kinaitwa kimeng'enya, wewe kiite kifagio. Samaki anacho, mtu anacho. Sumu ya shambani hukivunja hicho kifagio. Amri zinarundikana, nyama zinatetemeka, mate hayazuiliki, mwisho pumzi inashindwa. Ndivyo alivyofanyiwa Nadia.

Nikipata samaki mbichi aliyegandishwa, nasaga ubongo wake, hauzidi punje ya haragwe, natia dawa zetu na kuhesabu dakika. Kifagio kikiwa kizima, maji hugeuka njano. Kikiwa kimevunjwa, maji hubaki meupe. Lakini moto hukikaanga kifagio kama yai, uwepo sumu usiwepo. Maji ya hao wako yalibaki meupe yote, na hilo halisemi chochote.

Nitumie wale wawili wa friji, wazima na vichwa vyao, ndani ya barafu, na pumba za mpunga pande zote. Kichwa usikitoe.

Na jambo moja, yaya. Kabla Nadia hajala, wale samaki walikuwa wametiwa kitu chochote pale kibandani? Niandikie kama ilivyokuwa.

Mdogo wako,
Juma

*

Baraka, 2 Oktoba 2023

Juma,

Salaam. Arobaini ya Nadia tumeisoma vizuri, msikiti wote ulikuja. Mama alikaa tangu mwanzo hadi mwisho bila kulia, jambo lililonitisha kuliko kilio. Mvua zimeanza. Mlango wa nyuma umevimba haufungiki.

Kwa hiyo nilipoteza kuni zangu bure! Kumbe msomi mmoja katika nyumba anatosha kuwafanya wengine wote wajinga. Haya, hao hapa wawili wa mwisho, na vichwa vyao, na pumba zako. Eddy ameapa hatafungua ndoo. Ukiwaharibu hao, hakuna wengine.

Bertin bado anavua. Kila asubuhi naona ule mtumbwi wa kijani ukipita mbele ya kibanda changu, na anapofika sawa na mlango wangu anainua mkono kunisalimu. Anainua mkono! Samaki wake sinunui tena, na nimewaambia kina mama wengine wasinunue. Baadhi wamenisikia. Mkewe Espérance alinijia sokoni akaniuliza, "Waridi, tulikukosea nini? Sema kitu moja tu." Nikamwambia asubiri, kitakuja kimeandikwa. Akageuka akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikala vizuri, mara ya kwanza tangu Agosti.

Harakisha.

Waridi

*

Baraka, 6 Novemba 2023

Juma,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepungua, mwambie Sumaya ahsante.

Mwezi mzima na siku nne. Eddy anasema alikukabidhi ndoo mkononi, barafu haijaisha. Umekufa? Umefukuzwa kazi? Au ubongo wa samaki wawili unasagwa mwezi mzima?

Mimi nimeanza bila wewe. Nimewaambia ufukweni kwamba ndugu yangu wa maabara amekwisha kuiona sumu, bado muhuri tu. Usiniumbue.

Waridi

*

Uvira, 28 Novemba 2023

Yaya,

Waaleikum salaam. Tuko wazima. Mtoto amepata meno mawili. Umeme unakatika sana na ile mashine inataka umeme usiotetemeka, kwa hiyo kazi imelala kidogo. Vumilia.

Tafadhali usiseme nimeiona sumu. Sijakuandikia hivyo. Na Bertin mwache kwanza, yaya, nakuomba kwa jina la Nadia. Mwache.

Sikuona jibu la swali langu. Samaki walitiwa kitu?

Juma

*

Baraka, 20 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Salaam nyingi kwako, Sumaya na huyo mwenye meno mawili. Mama anakula. Nimempikia kuku jana na amemaliza paja. Nakuandikia nikiwa na moyo mweupe kama sijawahi kuwa nao mwaka huu.

Hukuniletea karatasi, nikapata njia nyingine. Jumamosi asubuhi nilikwenda ufukweni kabla mitumbwi haijarudi. Nilichukua kanga ya Nadia, ile Mama anayolalia, nikaitandika juu ya mchanga. Sikupiga kelele. Mtu akiuliza, namwambia, "Namungojea ule alimuua." Kufika saa mbili walikuwa watu mia, labda zaidi. Bertin alipovuta mtumbwi akaona ile kanga, akaona watu, akaelewa. Alisema, "Waridi, mi sikutia kitu. Ile samaki ilitoka mu nyavu ikiwa inaruka, batu baliona." Nikauliza, nani aliona? Hakujitokeza hata mmoja. Nikamwambia, "Apa basi kwa mutoto wako." Akaapa, na nikamwambia muongo huapa haraka. Hapo mtu mmoja akaleta shoka. Sikumtuma, Juma, lakini wala sikumshika mkono.

Waliupasua ule mtumbwi ubao kwa ubao. Nyavu walizichoma. Yeye alisimama ndani ya maji hadi magotini akitazama, na machozi yakimtoka mtu mzima. Nilitazama hadi mwisho, sikupepesa. Nilitamani Nadia aone. Jumatatu amehama, yeye na Espérance na mtoto wao, wamekwenda Lubondja kwa wakwe zake kulima. Mvuvi kulima! Akae huko na jembe hadi limzeeshe.

Sasa kuna wazee wawili ufukweni wananiuliza karatasi iko wapi, kwa kuwa mtu ameondolewa kwa neno langu. Kwa hiyo ilete. Unaniuliza kila mara kama samaki walitiwa kitu. Walitiwa chumvi. Umeridhika?

Waridi

*

Uvira, 14 Januari 2024

Yaya Waridi,

Waaleikum salaam. Safari hii sina habari za nyumbani. Sumaya anajua ninachokuandikia, na ndiye aliyeniambia nisipoandika atakuandikia yeye.

Mashine haikulala. Matokeo ninayo tangu tarehe tisa Oktoba.

Nilisaga ubongo wa mikeke wako wawili siku moja na ubongo wa mikeke wanne niliowanunua bandarini Kalundu, wa nyavu za kawaida. Wote sita waligeuza maji njano, kwa dakika zilezile. Ubongo wa samaki wako ulikuwa mzima. Nilirudia mara tatu, maana nilitaka uwe umeharibika. Kisha nikapima nyama ya hao wako wawili. Nyama ya chini ya ngozi, na ile ya tumboni ulipowapasua, iliacha maji meupe kabisa. Ya katikati, karibu na mfupa, njano.

Nikuambie maana yake bila kuzunguka. Samaki anayeuawa na sumu mtoni huivuta kwa matamvua, damu inaipeleka kichwani, na ubongo ndio unaoharibika. Samaki aliyekwisha kufa hana damu ya kuipeleka popote. Hawa waliingiwa na sumu kutoka nje, wakiwa wamekufa na wamepasuliwa. Haikutoka mtoni, haikutoka kwa Bertin. Ilitiwa kichanjani.

Mwezi wa sita nilikutumia chupa kwa mkono wa Eddy, imefungwa kwa gazeti, ulipolalamika kwamba nzi wa kiangazi wanakuharibia samaki. Niliitoa kwenye stoo ya kazini bila ruhusa. Ndiyo maana sikuandika kitu juu yake wala ndani ya gazeti, niliogopa maandishi yangu yasije yakaonekana. Nilimwambia Eddy kwa mdomo: ni ya kupaka miguu ya vichanja, isiguse samaki. Nimemuuliza. Anasema alikuambia, "Dawa ya nzi, imetoka kwa Juma." Mengine aliyasahau.

Kwa hiyo uliponiandikia mara ya kwanza habari ya mboni na mate, niliijua ile chupa kabla sijamaliza ukurasa. Nilikuuliza kama walitiwa kitu, nikitumaini utasema hapana. Hukujibu, nami nikajificha ndani ya kutojibu kwako. Nikiandika ukweli, napoteza kazi, na wewe unapoteza zaidi ya kazi. Nikadhani nikikaa kimya hasira yako itapoa.

Umetaka karatasi yenye muhuri. Ipo ndani ya bahasha hii. Inasema nilichokiona, na jina langu liko chini.

Bertin hakufanya kitu, yaya. Ilikuwa chupa yangu na mkono wako.

Juma

*

Baraka, 12 Februari 2024

Juma,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaiweka chini ya gunia la chumvi siku nane. Siku ya tisa nikaitoa.

Nilinyunyiza. Ndiyo jibu la swali lako, ulilisubiri miezi mitano. Alhamisi ile nzi walikuwa wengi hata huoni samaki. Nikatia kifuniko kimoja kwenye ndoo, nikachovya ufagio, nikanyunyiza kikapu kizima, na Nadia akacheka kwa jinsi nzi walivyoanguka kama mvua. Alisema, "Yaya, hii dawa ya Juma iko kali!" Kisha akaendelea kuwageuza kwa mikono yake. Ilitoka kwako, mtu wa maabara, ningeiogopa kwa nini? Lakini asubuhi, kabla hatujamwosha, niliwafukia samaki waliobaki nyuma ya nyumba na chokaa juu yao, na chupa nikaizika pamoja nao. Kwa nini chokaa? Kwa nini sikuwatupa ziwani kama kila mtu? Nimejiuliza siku nane. Nadhani nilijua, Juma. Nadhani nilijua nikiwa nimeshika jembe, na palepale nikamtafuta mtu mwingine wa kujua badala yangu.

Jumanne nilipanda pikipiki hadi Lubondja. Espérance alikuwa anamenya mihogo. Bertin alikuwa kando yake akifunga mpini wa jembe, vidole vyake bado havijaujua. Hawakunikaribisha na sikungoja. Nilisoma barua yako yote na karatasi yako yote, mahali unaposema mkono wangu nikapasoma pia. Espérance aliniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Bertin aliweka jembe chini, akaenda nyuma ya nyumba, na huko nikamsikia akilia. Nilikipenda kile kilio mwezi wa kumi na mbili. Safari hii niliziba masikio.

Nikawaambia nitawajengea mtumbwi mwingine. Espérance akanitazama kama mtu anayetazama kitu kilichomganda kwenye kiatu. "Mutumbwi tutajua sisi. Mi nataka museme na kinywa. Mbele ya balebale batu, pale palepale. Weye na ule ndugu yako, bote mbili." Nikamjibu kwamba mimi nitasema, lakini wewe una kazi Uvira, una mtoto mdogo. Akasema, "Bertin naye iko na mutoto."

Niliporudi nilimwambia Mama. Nilidhani atanipiga, ningeshukuru. Alikaa na kanga ya Nadia magotini, akauliza swali moja, "Na Juma alijua tangu lini?" Nikasema tangu Oktoba. Akahesabu kwa vidole: Oktoba, Novemba, Desemba. Kisha akauliza mtumbwi ulikatwa lini.

Sasa nikuambie lililo moyoni mwangu, maana hakuna haja ya kufichana tena. La Nadia nitalibeba mimi. Sikujua, au sikutaka kujua, Mungu atatenganisha. Lakini lile shoka ni lako. Siku lilipoinuliwa wewe ulikuwa na maji ya njano miezi miwili, ulikuwa na kalamu, ulikuwa na boti tatu kwa wiki. Uliniandikia nimwache, hukuniambia kwa nini. Uliniacha nisimame pale na kanga ya marehemu nikimtesa mtu asiye na kosa, kwa sababu ya chupa uliyoiba stoo. Hilo silisamehe. Nimejaribu siku hizi zote, halitoki.

Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu, baada ya sala, watakuja kutoka Lubondja, na wazee wa ufukweni wameitwa. Nitasema langu hadi mwisho. La kwako nitaliacha tupu, wote wangoje. Mama atakuwa amekaa mbele. Usipofika, Jumatatu napanda mimi na Mama hadi Uvira, na tutalisoma mlangoni pa kazi yako kwa sauti, yeye akisoma na mimi nikiitikia.

Eddy anaondoka huko Alhamisi ya kabla yake, saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia bila wewe asing'oe nanga.

Waridi